Zaburi ya 88 na Kituo Chake

Mpenzi wa mashairi anajua kuwa kituo ndicho kibebacho uzito wa ubeti. Anayebadili kituo cha mwenziwe amelivunja shairi. Kosa hili hutendeka mara nyingi mimbarini, pale Zaburi za Waebrania zinapohubiriwa makanisani.

Zaburi nyingi za maombolezo huanza kwa kilio na kuishia kwa sifa. Zaburi ya 88 haifanyi hivyo. Neno lake la mwisho katika Kiebrania ni giza, na hapo mtunzi hunyamaza. Haina vina wala mizani kama yetu. Nguvu yake imo katika kipande kinachorudia wazo la mwenziwe kwa maneno mengine, kilio juu ya kilio. Lakini mhubiri wa Kikristo, kwa haraka ya kuifikia Pasaka, huongeza ubeti wa faraja ambao mtunzi hakuutunga.

Tuifikirie Singe, katika mji wa Babati. Tarehe 3 Desemba 2023, humohumo mkoani Manyara, maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yaliua zaidi ya watu 80. Aliyefiwa na jamaa akiketi kanisani Singe, aambiwe asilie? Zaburi hii ingempa maneno ya kumlalamikia Mungu bila kuonekana mkosefu wa imani.

Ukristo wenyewe una Ijumaa Kuu kabla ya Pasaka. Mhubiri na aisome Zaburi hadi giza lake, kisha anyamaze kidogo. Faraja ina siku yake.