Pongezi kwa Wachapaji wa Fulana wa Goma

Kijana wa Goma, mashariki mwa Kongo, akipita na fulana yenye picha ya mlima wa volkano wa Nyiragongo au ya chukudu, kile kigari cha mbao cha kubebea mizigo, tunaisifu picha. Mikono iliyoichapa hatuiulizii.

Kazi yenyewe inaanzia kwenye fremu ya mbao iliyowambwa kitambaa chembamba. Kila rangi ina fremu yake: picha ya rangi tatu inapigwa mara tatu juu ya fulana ileile. Fremu ikisogea kidogo tu, mlima unapata kivuli kisichotakiwa na fulana imeharibika. Hasara ni ya fundi. Wino ukiwa mbichi, vumbi jeusi la mawe ya volkano halina simile, kwa hiyo madirisha hufungwa hata kukiwa na joto. Umeme ukikatika, pasi ya mkaa ndiyo inayokausha wino, na chembe moja ya jivu ikidondoka kazi inarudi mwanzo. Kisha fundi wa cherehani anabana pindo, anashona lebo, anakata nyuzi moja moja.

Sehemu ya Goma ilimezwa na lava mwaka 2002, mji ukatikiswa tena na volkano 2021. Januari 2025 ulitekwa na waasi wa M23, benki zikafunga milango. Wateja walipungua, kitambaa kikawa ghali, lakini wapo walioendelea kuchapa.

Watu wa mbali wamezoea kuiona Goma katika picha za vita. Wachapaji hawa wanatupa picha tuliyoichagua wenyewe, tunayoivaa kifuani. Basi tukifika dukani kwao, tuwalipe bei waliyotaja.