Kasi Si ya Chuma Peke Yake

Kadi ya picha ikishatoka kiwandani haibadiliki tena: idadi ya transista, ukubwa wa memori na njia za kupitishia data vimeshaamuliwa. Hata hivyo kadi hiyohiyo, miezi kadhaa baadaye, huweza kuendesha gemu ileile kwa kasi kubwa zaidi bila mtu kulegeza skrubu hata moja. Kilichobadilika ni draiva, programu inayosimama kati ya kadi na kila kinachotaka kuchora kwenye skrini. Gemu hutoa maagizo yake kwa DirectX au Vulkan. Draiva huyageuza kuwa amri za kadi husika, hugawa memori, hupanga kipi kitangulie na kipi kingoje. Mpangilio ukiwa mbovu, kadi ya bei kubwa hukaa bila kazi huku prosesa ikihangaika, na mwenye kompyuta hulaumu kifaa. Ndiyo maana waandishi wa draiva wanastahili heshima tunayowapa wabunifu wa chipu: sehemu kubwa ya kasi tunayoinunua huitengeneza wao, na mara nyingi huimaliza tukiwa tumeshalipa.

Ushahidi ulio wazi ni kadi za Intel Arc, A770 na A750, zilizoingia sokoni Oktoba 2022. Kwenye gemu mpya zilijitahidi. Kwenye gemu za zamani zilizoandikwa kwa DirectX 9, kama Counter-Strike: Global Offensive ya 2012, zilisuasua. Chuma hakikuwa na kosa. Intel ilikuwa imetegemea programu ya Microsoft inayogeuza maagizo ya DirectX 9 kuwa ya DirectX 12, na kazi hiyo ya kugeuza ilikula muda. Desemba ikatoka draiva yenye njia nyingine, na Februari 2023 Intel ikatangaza kuwa gemu za DirectX 9 ilizozipima kwenye A750 zimeongeza kasi kwa wastani wa asilimia 43. Humo ilitumika DXVK, programu huria aliyoianzisha Philip Rebohle ili gemu za Windows zichezeke kwenye Linux. Aliyenunua kadi Oktoba alijikuta Februari na kadi bora zaidi, na sehemu ya ubora huo ilitokana na kazi iliyofanyika nje ya Intel kabisa.

Ugumu wa ufundi huu ni kwamba mwandishi wa draiva huhudumia gemu asizoziandika, zenye makosa asiyoweza kuyasahihisha, na hana nafasi ya kuchelewa: Windows ikiona kadi haijajibu kwa sekunde 2, kwa kawaida huianzisha upya. Wapo wanaoufanya bila hata mwongozo. Apple haikuchapisha maelezo ya sehemu ya picha iliyomo kwenye chipu ya M1. Alyssa Rosenzweig na wenzake wa Asahi Linux waliielewa kwa kuchunguza inavyotenda, wakaiandikia draiva, na Agosti 2023 ikathibitishwa kutimiza kiwango cha OpenGL ES 3.1.

Wapo watakaosema kuwa draiva mpya huharibu kilichokuwa kizima. Ni kweli. Machi 2010 Nvidia iliondoa toleo la 196.75 baada ya kubainika kuwa linavuruga feni na kuzipandisha kadi joto. Mwaka 2001 draiva ya Radeon 8500 ya ATI ilikutwa ikiitambua gemu ya Quake III kwa jina la faili lake, kisha ikipunguza ubora wa picha ili vipimo vya kasi vipande. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Lakini visa hivi vinathibitisha mamlaka ya draiva juu ya chuma, na dawa yake ni umakini: kusoma maelezo ya toleo, kupakua kwa mtengenezaji mwenyewe, na kuirudisha draiva ya awali mambo yakiharibika. Wala draiva haipangusi vumbi kwenye feni, haiongezi RAM. Fundi makini hupima joto na matumizi ya memori kwanza, ndipo aamue kama ugonjwa uko kwenye draiva.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba sifa hizi zinawapa watengenezaji kisingizio cha kuuza bidhaa isiyokamilika. Lawama hiyo iliistahili Arc. Lakini hakuna kadi inayoweza kukamilishwa mapema kwa ajili ya gemu ambazo hazijaandikwa. Kwa hiyo tudai ahadi ya kuendelea kuitunza. Ahadi hiyo ina mwisho. Nvidia ilipositisha mwaka 2021 maboresho ya kawaida ya kadi za Kepler, ikibakiza marekebisho ya usalama hadi Septemba 2024, kadi hizo hazikuchakaa siku hiyo; waliondoka watu waliokuwa wakizifikiria. Kwa anayenunua kompyuta iliyotumika Dar es Salaam au Nairobi, swali la kumuuliza muuzaji kabla ya bei ni kama draiva ya kadi yake bado inaandikwa.