Hoja Yenye Anwani

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, lakini mipango ya halmashauri huwa imekwisha kupikwa miezi mingi kabla. Mwanafunzi wa sekondari Kilwa Masoko anayesimama mwezi wa Mei kuomba zahanati iongezewe mkunga anasema kweli, ila chakula kimeshapakuliwa. Kujua wakati wa kusema ni nusu ya ufundi wa utetezi, na ndiyo nusu ninayoistahi zaidi, kwa kuwa haipigiwi makofi.

Nusu ya pili ni kumjua mwamuzi. Tuseme mjamzito wa kisiwa cha Songo Songo, wilayani Kilwa, anahitaji upasuaji ng'ambo ya bahari. Jambo hilo lina sehemu ya kuamuliwa kwenye mkutano wa kijiji, sehemu ya kamati ya maendeleo ya kata, sehemu ya baraza la madiwani, na nyingine iko Dodoma, kwa serikali kuu. Fedha nazo zina mlango wake: gesi ya kisiwa hicho inatumika tangu 2004, na sheria inaruhusu halmashauri kutoza kampuni ushuru wa huduma kulingana na mauzo. Kijana anayeuliza ni kiasi gani cha ushuru huo kimetengewa uzazi salama ameacha kulalamika, ameanza kutetea.

Tazameni alivyofanya Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana. Hakuzishitaki ndoa za utotoni zote kwa jumla. Alichagua vifungu viwili vya Sheria ya Ndoa ya 1971, cha 13 na cha 17, vilivyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, akaviweka mbele ya Katiba. Mahakama Kuu ilikubaliana naye Julai 8, 2016. Serikali ikakata rufani, na Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu Oktoba 23, 2019. Miaka mitatu na zaidi kwa vifungu viwili! Subira ya namna hiyo inafundishika.

Takwimu nazo zina adabu yake. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kuwa wasichana 22 kati ya kila 100 wenye miaka 15 hadi 19 walikwisha kupata ujauzito. Namba hiyo inamfaa mbunge. Mwenyekiti wa kijiji atatikiswa na idadi ya walioacha shule kijijini kwake, bila kutajwa jina la hata mmoja.

Na Lindi, mkoa wenye Kilwa, ni nchi ya unyago, jando la wasichana. Mambo ya mwili yana walimu wake tangu zamani, kwa hiyo binti mwenye busara humwendea kwanza kungwi, mwalimu wa unyago, akamwamkia, akamsikiliza, kabla hajamfikia diwani. Kungwi akikubali, nani barazani atasema mtoto huyu hana haya?

Anayemtetea mwenzake aliyejifungua arudi darasani ana Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021. Aubebe mkononi, autaje kwa namba, kisha aombe tarehe ya mwenzake kuripoti shuleni.