Mkono Usio na Jina: Picha za Kazi na Sanaa katika Korogwe na Handeni

Kamera husifiwa kuwa shahidi asiyesema uongo. Sifa hiyo yahitaji kupimwa, kwa kuwa shahidi haulizwi tu ameona nini, bali pia alisimama wapi, na kama aliondoka kabla ya jambo kwisha. Korogwe na Handeni, wilaya zinazopakana katika Mkoa wa Tanga, zatoa mifano miwili ifaayo kwa kipimo hicho.

Reli iliyoanzwa Tanga mwaka 1893 ilifika Korogwe mwaka 1902, na mkonge, ulioletwa nchini na Richard Hindorf mwaka huo huo wa 1893, ukaenea mashambani. Kamera nayo ikaja. Walther Dobbertin, Mjerumani aliyekuwa mpiga picha Dar es Salaam kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, aliacha picha nyingi za maisha ya koloni, ambazo sasa zimo katika hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani. Ustadi wake haukanushiki. Lakini maelezo ya picha za zama zile hutaja kabila au kazi, yaani askari au mpagazi, na ni nadra kutaja mtu. Desturi hiyo ikarithiwa na picha za mkonge. Singa nyeupe zilizoanikwa juani, safu kwa safu, hupendeza macho. Kidole kilichochomwa na mwiba wa jani, na uzito wa mzigo kabla haujafika kwenye korona, havimo. Picha imesema kweli juu ya zao, ikanyamaza juu ya mkataji.

Mfano wa pili ni wa namna nyingine. Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyetumikia serikali ya Tanganyika kama mtafiti wa mila, aliandika mwaka 1944 juu ya vinyago vya unyago vya Wanguu, ambao nchi yao, kwa sehemu kubwa, ilikuwa ndani ya Handeni hata Kilindi ilipotengwa kuwa wilaya mwaka 2002. Mwaka 1956 akatoa kitabu kizima juu ya vinyago vya namna hiyo. Sifa yake kubwa ni kwamba hakutosheka na umbo: kila kinyago alikiambatanisha na wimbo wake na fundisho lake, kwani alitambua kuwa udongo bila wimbo ni udongo tu. Hata hivyo, kielelezo kilichowekwa peke yake juu ya karatasi kimepoteza mkono uliokifinyanga, sauti iliyokiimbia, na mwali aliyekitazama. Tena kimekuwa wazi kwa kila mnunuzi wa kitabu, hali kilifanywa kwa waliochezwa peke yao.

Hapa ndipo penye mgogoro wenyewe. Mfinyanzi wa vyungu anapopigwa picha akichimba udongo, akiupanda duara juu ya duara, akiulainisha na kuuchoma kwa kuni, haki yamdai mpiga picha atoe mfululizo wa kazi yote, na jina la mwenye kazi akiridhia. Bila jina, sanaa huhesabiwa kuwa ya kabila, na fundi hugeuzwa mfano wa kabila. Lakini kungwi aweza kudai kinyume chake: jina lake lisitajwe, na kinyago chake kisionekane. Anayetaka kanuni moja kwa wote wawili atamdhulumu mmoja wao. Yafaa basi kanuni iwe ya kuuliza, si ya kuonyesha. Na mpiga picha astahili kusifiwa pia kwa picha alizokataa kupiga.

Picha za kale haziwezi kuulizwa upya, ila maelezo yake yaweza kuandikwa upya. Mwanafunzi atakayezipeleka kwa wazee wa Korogwe na Handeni, akasikiliza kwa Kisambaa na Kizigua yale wanayoyatambua ndani yake, kisha akayaandika kwa Kiswahili, atakuwa ametenda kazi ya uhakiki kamili. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Katika picha nyingi za karne iliyopita hata hilo gae hakupewa: chungu chake kimehifadhiwa, naye mwenyewe hajulikani.