Neuroserpini Safi, Neuroserpini Hai

Mstari mmoja wa buluu kwenye jeli, mnene, usio na kivuli juu wala chini yake: ndiyo picha anayoitanguliza muuzaji wa neuroserpini kwenye cheti chake. Itazame, kisha iweke kando. Inakwambia kwamba protini ni safi. Kama ingali hai, haisemi.

Neuroserpini ni protini ya ubongo. Kikundi cha Peter Sonderegger kule Zurich kiliikuta kwenye neva za viinitete vya kuku, na mwaka 1996 ikajulikana kwa jina hili. Kazi yake ni kukizuia kimeng'enya kiitwacho tPA, kile kile ambacho hospitalini hudungwa mgonjwa wa kiharusi ili damu iliyoganda iyeyuke. Huzuia kwa mtego. Juu ya mwili wake umechomoza utepe, nao ndio chambo. Kimeng'enya kikiuma, utepe unafyatuka na kuzama ndani ya mwili wa protini, ukikiburuta nacho kikiwa kimenaswa. Mtego huu hufyatuka mara moja tu.

Sasa, mtego uliotegwa ni kitu kilichokazwa, na kilichokazwa huharibika upesi. Ukiipasha neuroserpini hadi nyuzi 45, utepe wa molekuli moja unaingia mwilini mwa jirani yake, wa jirani kwa anayefuata, mpaka zimeshikana kama punje za tasbihi mkononi mwa mzee anayetoka msikitini hapa Makina, Nairobi. Mwaka 1999 watafiti walieleza ukoo mmoja wa Syracuse, Marekani, ambao asidi amino moja tu, ya 49, ilikuwa imebadilika. Kwao tasbihi hizo zilijifunga ndani ya seli za ubongo kwa joto la kawaida la mwili, na watu wakapoteza kumbukumbu wakingali na umri wa kufanya kazi. Kila nikikishika kichupa cha protini hii huwakumbuka.

Nyuzi 45 si mbali. Gari lililofungwa vioo na kuachwa juani linaweza kuzifikia. Nilishapokea sanduku ambalo barafu kavu ilikuwa imekwisha yote, na kichupa kikitikisika maji matupu. Cheti kilisema usafi wa asilimia 95. Nikapitisha protini kwenye jeli ya kawaida, ile ambayo sampuli huchemshwa kwanza na sabuni, na mstari ukatokea mmoja, safi, kama ulivyochapishwa. Bila shaka ungetokea: sabuni na moto huzikata tasbihi zote, kila punje ikabaki peke yake. Nilipopitisha tone jingine kwenye jeli isiyo na sabuni ndipo nikaona ngazi ya mistari ikipanda kutoka chini, na juu kabisa, mlangoni mwa kisima cha kuwekea sampuli, utando wa buluu uliokataa kuingia. Protini ile ilikuwa safi, na ilikuwa imekufa.

Kwa hiyo jeli isiyo na sabuni ndiyo hatua ya kwanza. Ya pili ni kuipa protini kazi yake. Ichanganye na tPA, chota sampuli baada ya dakika moja, ya tano na ya thelathini, uchemshe kila moja papo hapo. Hapa sabuni haina neno, kwa kuwa kimeng'enya kilichonaswa kimefungwa kwa kifungo ambacho sabuni haikivunji. Angalia juu kwanza: mstari mpya, mzito kuliko neuroserpini na tPA zote mbili, ndio mtego ulionasa. Kisha angalia chini kidogo ya mstari wa neuroserpini yenyewe. Ukiona mwingine mwembamba, hiyo ni protini iliyoliwa bila kunasa kitu, au iliyonasa kisha ikaachia. Neuroserpini hata iwe nzuri vipi haiing'ang'anii tPA muda mrefu, kwa hiyo sampuli ya dakika thelathini peke yake itakufanya uidharau bidhaa njema. Mimi huiamini ile ya dakika moja. Mstari wa juu usipoonekana hapo, sisubiri zaidi.

Uzito nao una habari zake. Iliyotengenezwa ndani ya bakteria hukaa karibu na kilodaltoni 46, iliyotoka kwenye seli za mamalia hupanda hadi 55 hivi kwa sababu imebeba sukari. Ikiwa jaribio lako linahusu seli za ubongo zilizo hai, uliza pia kuhusu endotoksini. Mabaki ya bakteria huziwasha seli hizo, nawe ukadhani ni kazi ya neuroserpini.

Kutoka Makina hadi barabara ya Mbagathi, yalipo makao makuu ya KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, ni mwendo wa miguu, na njia nzima huwa nawaza friza. Kuyeyusha na kugandisha tena na tena huidhoofisha protini. Kichupa kilichofaulu nakigawa siku hiyo hiyo katika vichupa vidogo, mikrolita kumi kumi, naandika tarehe kwenye kila kifuniko, kisha naviingiza kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri, rafu ya chini kabisa, ambako baridi hudumu stima ikipotea.