Kila Mtu Alijua Isipokuwa Bond

Anko alikuwa na sheria moja ya kutazama sinema: stelingi hafi, kwa hivyo usipoteze muda ukimwonea huruma. Mtazame adui. Adui ndiye mwenye kazi.

Ndivyo nilivyotazama Live and Let Die mara ya kwanza. Nilikuwa darasa la sita, nimekaa sakafuni kwake Buruburu, na kanda ilikuwa imechakaa hadi picha inaruka kila ikifika pahali patamu. Hiyo ni filamu ya 1973, ya nane katika msururu wa James Bond, na ya kwanza kwa Roger Moore. Anko hakuwa na haja na hayo yote. Alinyoosha kidole tu kwa skrini: "Angalia vizuri, kijana. Kila mtu mweusi kwa hii sinema anajua kitu. Ni huyu mzungu pekee hajui."

Nilicheka. Imenichukua miaka mingi kukubali kwamba ile sentensi yake ni uhakiki mzuri kuliko mwingi niliousoma baadaye.

Kwa ambao hamjaiona: majasusi watatu wa Uingereza wanauawa ndani ya siku moja. Bond anatumwa New York kuchunguza, na kabla hata hajafika anakoenda, dereva wake anauawa akiwa kwenye usukani. Nyayo zote zinaelekea kwa Dr Kananga, kiongozi wa kisiwa cha kubuni huko Karibi, San Monique. Kumbe Kananga ana sura nyingine. Akivaa barakoa, yeye ndiye Mr Big, bwana wa dawa za kulevya Harlem. Mpango wake ni kugawa tani mbili za heroini bure. Bure kabisa. Washindani wafilisike, watumiaji waongezeke, halafu abaki peke yake sokoni na bei apange yeye. Kama umewahi kufurahia usafiri wa bei ya kutupa kwenye simu yako, halafu baada ya mwaka bei ikapaa, basi unamwelewa Kananga vizuri tu.

Watazamaji wa filamu hii hawajawahi kukubaliana. Kuna wanaosema ni ubaguzi mtupu na ingefaa iachwe ilale. Kuna wanaosema ni filamu ya wakati wake, tusiihukumu kwa macho ya leo. Na kuna wale wasiotaka mjadala, wanataka burudani: wimbo wa Paul McCartney na Wings, boti zinazoruka juu ya barabara Louisiana, na Bond akikanyaga migongo ya mamba ili kuvuka bwawa. Hao wa mwisho wana hoja. Mamba walikuwa wa kweli, na aliyewakanyaga ni mwenye shamba lenyewe kule Jamaika, Ross Kananga, ambaye alirudia mpaka ikafaulu. Ni jina lake walilompa adui. Kwetu sisi jina hilo linasikika karibu zaidi, maana Kananga pia ni mji wa Kongo, huko Kasai.

Kundi la kwanza nalielewa, na ushahidi wao upo. Mtazame Rosie Carver, anayeigizwa na Gloria Hendry. Ni mwanamke mweusi wa kwanza kuwa mpenzi wa Bond kwenye msururu huu, na Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi ilizikata sehemu zao za mapenzi. Lakini filamu yenyewe ilimfanyia nini? Inamwita jasusi, kisha inamfanya apige mayowe akiona kofia yenye manyoya. Anadanganya vibaya, anaogopa vibaya, na anauawa kabla sinema haijafika katikati.

Hao wa "wakati wake" ndio siwaelewi. Shaft ilitoka 1971. Super Fly ikafuata 1972. Wakati ule ule, jiji lile lile la New York, watu weusi walikuwa tayari mastelingi wa sinema zao, wanatembea barabarani kama wenye mji. Watengenezaji wa Bond waliziona pesa hizo wakazifuata. Walichukua mavazi, magari na muziki, wakaacha kitu kimoja tu: ustelingi. Kwa hivyo usiniambie hawakujua. Waliona, wakachagua.

Lakini pia siwezi kuungana na wanaotaka filamu ilale, kwa sababu ya ile sentensi ya anko.

Kumbuka Bond anavyoingia Harlem. Amepanda teksi, anafuata gari. Dereva wa teksi ni mtu wa Mr Big. Wanaomwona barabarani wanapashana habari kwa redio, mmoja baada ya mwingine. Anaingia mkahawani, anakaa, anaagiza kinywaji, na ukuta unageuka unammeza pamoja na kiti. Huko New Orleans ni zaidi. Jasusi mmoja amesimama kando ya barabara akitazama matanga yakipita, bendi inapiga taratibu. Anauliza jirani yake ni nani aliyefariki. Anajibiwa ni yeye. Kisu kinaingia, jeneza linashushwa juu ya mwili na kuuokota, na papo hapo waombolezaji wanaanza kucheza ngoma ya furaha.

Hiyo ni ndoto mbaya ya nani? Si yetu. Ni ya mtu aliyezoea kuhudumiwa, ambaye usiku mmoja anawaza: je, huyu dereva, huyu mhudumu, huyu mpiga tarumbeta, wanajuana? Wanaongea nini nikipita?

Riwaya ya Ian Fleming iliyozaa filamu hii ilichapishwa London mwezi wa Aprili 1954. Mwezi huo huo, tarehe 24, jeshi la Waingereza liliizingira Nairobi katika operesheni waliyoiita Anvil. Watu walitolewa majumbani, wakapangwa foleni, wakapitishwa mbele ya gakunia, yule mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho, akitikisa kichwa tu kusema nani abebwe. Maelfu walipelekwa kizuizini. Sisemi Fleming alikuwa akiwaza Nairobi, kitabu chake kilikuwa kimeshaandikwa. Ninachosema ni kwamba hofu ilikuwa moja. Mpishi, mtunza bustani na dereva wana kiapo chao, na bwana mwenye nyumba hajui. Kitabuni hofu hiyo ilikuwa burudani ya wikendi. Mitaani kwetu ilikuwa lori.

Ndiyo maana neno "ubaguzi", ingawa ni kweli, linafunga mjadala mapema mno. Filamu hii inawadharau watu weusi na inawaogopa, yote kwa pamoja, na kwa sababu inawaogopa inalazimika kuwapa akili. Kananga wa Yaphet Kotto ndiye mwenye mpango mrefu kuliko wote. Ndiye anayezungumza Umoja wa Mataifa mchana na kuendesha biashara usiku. Kotto anamwigiza kwa utulivu wa mtu aliyechoka kusubiri wajinga wamalize kuongea. Kando yake Bond anaonekana mtalii mwenye saa nzuri.

Halafu mwisho unaharibu kila kitu. Bond anamlazimisha Kananga kumeza risasi ya hewa iliyobanwa, naye anafura kama puto, anapaa hadi darini, anapasuka. Watu hucheka hapo, na nadhani tulitakiwa kucheka. Kotto mwenyewe, miaka mingi baadaye, alisema wazi kwamba hakuridhika na jinsi nafasi yake ilivyoandikwa, na kifo kile alikiona mzaha. Mimi nakiona kama uoga. Saa mbili nzima umetuonyesha mtu mzito kiasi hiki, halafu hutaki hata afe kama mtu.

Mwezi uliopita niliirudia, safari hii na binamu yangu wa miaka kumi na saba. Nilijiandaa kwa maswali ya rangi. Yeye akashika kitu kingine kabisa. Solitaire, yule mpiga ramli wa Jane Seymour, huona yajayo kupitia karata, na uwezo wake utaisha akilala na mwanaume. Bond anamwambia achague karata, anachagua, inatoka ya Wapenzi. Majaliwa! Kumbe Bond amepanga kifurushi kizima, karata zote ni hiyo moja.

"Si amemhadaa huyu?" binamu akauliza. "Na bado ndiye mzuri?"

Nilimwambia anko alishasema, stelingi hafi. "Sijauliza kama anakufa," akanijibu. Nilinyamaza. Kwa miaka yote niliyokuwa bize nikimshabikia adui, sikuwahi kuona kwamba mwanamke huyo anapokezanwa kati ya wanaume wawili kama rimoti. Kananga anammiliki, Bond anamwiba, na hakuna anayemuuliza anaona nini kwenye karata zake kuhusu yeye mwenyewe. Sheria ya anko ilinifundisha kumwangalia adui. Haikunifundisha kuangalia waliokuwa katikati.

Tulibaki hadi mwisho kabisa. Bond na Solitaire wamo ndani ya treni, kila kitu kimeisha, maadui wamekufa. Halafu kamera inaenda mbele ya treni, na pale ameketi Baron Samedi, Geoffrey Holder na kofia yake ndefu, yule tuliyemwona akiangukia ndani ya jeneza lililojaa nyoka. Anatazama moja kwa moja kwetu na kucheka. Hakuna maelezo.

Nilimpigia anko kumwambia tumeitazama tena. Siku hizi haoni vizuri, anasikiliza mpira redioni. Nilianza kumweleza habari za Kananga, na Anvil, na hoja zangu zote. Akanikata.

"Yule wa kofia," akasema. "Alikufa?"

"Hapana."

"Ehe," akasema, na nikasikia akiongeza sauti ya redio.