Kidogo ni Ngapi

"Ongeza hapo kidogo."

"Ngapi, mzee?"

"Si nimekwambia kidogo."

Kompyuta haina namba inayoitwa kidogo. Nilimweleza hivyo, naye akanitazama kama mpishi aliyeulizwa chumvi ya mchuzi wake hupimwa kwa futi au kwa lita. Tulikuwa uani Bondeni, Nakuru, chini ya kipande cha bati, na mbele yetu ilinguruma Kawasaki Z1 ya miaka ya sabini, silinda nne, cc 903, iliyowahi kugeuzwa kuwa pikipiki ya mbio fupi: zile ambazo wawili hupangwa sambamba, taa ikiwaka wanafyatuka, na kabla hujamaliza kupiga chafya mita 402 zimekwisha. Chuma kinachoshika gurudumu la nyuma kilikuwa kimerefushwa ili lile la mbele lisiinuke na kumbwaga mwenyewe. Kabureta zake nne zilikuwa zimelala kwenye karai, zimefunikwa gazeti kama mandazi. Mahali pake zilikaa nozeli nne, na waya nyingi kuliko nilizowahi kuona kwenye chombo cha magurudumu mawili.

Kazi yangu siku hizo ilikuwa kubonyeza. Fundi huniita mwalimu ingawa sijawahi kushika chaki. Yeye alisoma injini, mimi nikasoma skrini. Zamani nje ya posta walikaa waandishi wa barua. Mtu aliketi kwenye kibao, akasema yaliyo moyoni, karani akayatia kwenye karatasi huku akiuliza kila mara, "Sasa hili niliandike vipi?" Karani huyo ndiye niliyekuwa. Na barua yenyewe ilihusu mambo ambayo fundi ameyajua kwa miaka mingi bila mtu yeyote kumwomba ayaandike.

Nianze na zile za kwenye karai, maana sipendi zidharauliwe. Kabureta haipimi hewa. Hewa hupita kooni mwake, koo ni jembamba, hewa inalazimika kukimbia, na mbio zake hunyonya petroli kutoka kwenye kibakuli kupitia jeti, kitundu cha shaba ambacho hata sindano ya kushonea haipiti vizuri. Hakuna umeme wala hesabu. Lakini kitundu ni kile kile popote uendapo, na hewa si ile ile. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja ya sita. Pikipiki iliyotulia vizuri pwani ikifika hapa huwa imeshiba petroli kupita kiasi; ikiendelea kupanda hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700, inatoa moshi mweusi na kuvuta kwa uvivu. Ndiyo maana fundi wa kabureta wa Nakuru haanzi kwa kuuliza chombo kina shida gani. Anauliza kinafanya kazi wapi. Wa Molo atapewa jeti moja, wa Marigat nyingine.

Halafu kuna vumbi. Jina lenyewe la mji wetu, katika Kimaasai, husemwa kuwa na maana ya mahali pa vumbi, na anayebisha aje Januari. Kule Kariandusi, njia ya Gilgil, huchimbwa ule udongo mweupe wa mabaki ya viumbe vidogo vya ziwani, na watu huununua kwa ajili ya kuchujia vinywaji. Inachekesha: vumbi la Bonde la Ufa likiwa kiwandani huchuja, likiingia kwenye silinda husaga ringi kama jiwe la kunolea.

Vitabu husema kilo moja ya petroli huungua kikamilifu kwa hewa kilo 14.7, na kwamba injini ikidaiwa nguvu zake zote hupenda hewa ipungue kidogo, kilo 13 hivi au chini yake. Fundi hakuwa na habari na namba hizo. Alijua rangi zake. Anafungua plagi, anaipeleka juani, na akiona rangi ya chai ya maziwa anairudisha bila neno. Risasi ilipoondolewa kwenye petroli yetu kufikia mwanzo wa 2006, rangi zilififia, na wazee wa kazi hii wakalazimika kujifunza upya kusoma maandishi waliyokuwa wakiyasoma tangu ujana. Sikusikia mtu akiwapa cheti kwa hilo.

Basi tulipovua kabureta, tulikuwa tunavua nini? Mfumo wa nozeli hautegemei mnyonyo. Pampu husukuma petroli kwa mgandamizo wa kama mara tatu ya ule wa hewa, na kompyuta hufungua nozeli kwa sehemu chache za elfu moja ya sekunde. Ili ijue lini ifungue, ni lazima ijue pistoni iko wapi. Kwa hiyo kwenye ncha ya mhimili wa injini tulifunga gurudumu la meno 36 lililong'olewa jino moja. Kihisi kinayahesabu yakipita. Kikikutana na pengo, kinajua mzunguko mpya umeanza. Nililipenda sana gurudumu hilo. Meno 35 mazima hayaambii kompyuta chochote cha maana mpaka lile lisilokuwapo lipite.

Kisha umeme, na hapa ndipo siku zetu nyingi zilipotelea. Pikipiki ya mbio fupi mara nyingi huvuliwa altaneta ili iwe nyepesi. Inaishi kwa betri peke yake. Kabureta haijali. Nozeli inajali mno, kwa sababu volti zikishuka huchelewa kufunguka, na petroli inayofika ni pungufu ya uliyoagiza. Kila kiungo cha waya kilichokuwa kimesokotwa kwa mkono na kufungwa seloteipu, kila athi iliyoshikwa na kutu, yote ilibidi ifanywe upya. Mpira wa kuingizia hewa wenye ufa mwembamba kama unywele, ambao kabureta ingeuvumilia miaka mitano, ulitunyima usingizi. Kabureta ina huruma ya mama mkwe anayekutakia mema: inaona, inanyamaza. Kompyuta hainyamazi.

Nikiri kwamba niliingia kazini nikiamini chombo kipya ndicho kitakachomfundisha mzee. Kwenye ekzosi tulikuwa tumefunga kipima oksijeni, na asubuhi moja kikasema hewa imezidi mno. Nikataka kuongeza petroli. Fundi akanizuia, akachovya vidole kwenye kikopo cha maji na kudondoshea bomba nne za ekzosi, moja baada ya nyingine. Tatu zilichemka papo hapo. Ya nne, maji yakateleza tu. Silinda hiyo ilikuwa haiwaki. Kofia ya plagi ilikuwa imekufa. Kipimo hakikusema uongo, kwani kazi yake ni kuhesabu oksijeni, na silinda isiyowaka hutoa oksijeni yake yote nje kama ilivyoingia. Ningeongeza petroli juu ya petroli ambayo tayari ilikuwa inakosa cheche.

Lakini mizunguko 9,000 kwa dakika ni jambo jingine. Hapo pistoni ina kama sehemu 13 za elfu moja ya sekunde kuvuta, kukandamiza, kuwaka na kutoa. Linachosikia sikio ni mlio mmoja wa kitambaa kinachochanwa. Kule juu fundi aliniachia skrini, akavuta kigoda akaketi, na sikuona aibu yoyote usoni mwake.

Wapenzi wa Safari Rally watataka kuniambia kwamba mambo ya nozeli si mageni Bonde la Ufa. Kweli. Nick Nowicki na Paddy Cliff walishinda mwaka 1963 kwa Peugeot 404, wakashinda tena 1968 kwa Peugeot 404 ya pampu ya kusukuma petroli, na mara zote mbili magari yaliyomaliza yalikuwa saba tu. Ukitaka hoja ya nozeli unayo. Ukitaka ya kabureta unayo pia, na Joginder Singh atakuongezea ya 1974 akiwa na Mitsubishi Lancer. Matope hayakuuliza petroli inaingiaje. Kawasaki wenyewe walitia nozeli za umeme kwenye Z1000 mwaka 1980, bei ikiwa ya kampuni na siri ikiwa ya kampuni. Kilichofungulia watu wa uani mlango kilikuja 2001, pale Wamarekani Bruce Bowling na Al Grippo walipotoa MegaSquirt, kompyuta ya injini unayonunua vipande vipande ukaviunga mwenyewe kwa risasi ya kulehemu, na jedwali lake ukalijaza mwenyewe.

Jedwali hilo ndilo barua yetu. Safu 16 kwenda juu, 16 kwenda kando, vyumba 256, na kila kimoja kinataka namba: injini ikizunguka hivi, mkono wa mafuta ukifunguliwa hivi, mimina kiasi gani. Likija tupu halina busara yoyote ndani yake. Tulianza kwa makisio, tukaenda chumba kwa chumba. "Hapa inakaba." "Hapa inapiga chafya, ina njaa." "Hapa tamu, usiguse." Siku ya tatu niliona kwamba "kidogo" ya fundi, kila nilipoibadilisha na kipimo kikakubali, ilikuwa kati ya asilimia tatu na nne. Haikupanda, haikushuka. Nikamwambia. Akacheka: kumbe anayo namba, na ameitembeza Bondeni yote bila kuijua.

Siku tuliyohifadhi jedwali la mwisho, baridi ya asubuhi ilikuwa bado haijaondoka. Mashine iliwaka kwa kubonyeza mara moja, ikatulia, bila chok, bila kupigwa kiki. Nilikuwa nikihifadhi nakala ya pili aliposimama kijana wa bodaboda na Boxer iliyokuwa ikizimika kila akisimama kwenye taa. Mzee hakunyanyuka kigodani. Alinyoosha bisibisi, akageuza skrubu ya kabureta robo ya mzunguko, akasikiliza, akarudisha unywele mmoja.

"Ngapi, mzee?" kijana akauliza, mkono mfukoni.

"Hamsini."

Hiyo hakuifikiria hata kidogo.